Ngome Kongwe kwa Siku Moja: Mwongozo wa Mtu wa Kigoma Aliyefika Dar

Mtu wa Kigoma hafungi safari ya Dar kwa mchezo. Reli peke yake ni zaidi ya kilomita 1,250, na hata ukichagua basi, mgongo utakukumbusha kila mkoa ulioupita. Ndiyo maana tukienda huwa tuna sababu: harusi, hospitali, mzigo wa Kariakoo, mtoto kapangiwa chuo. Shughuli ikiisha, mara nyingi hubaki siku moja tupu kabla ya safari ya kurudi, na siku hiyo watu wengi huimalizia kwenye kochi la ndugu wakiangalia tamthilia.

Mimi nasema vuka maji uende Unguja, ukaione Ngome Kongwe, urudi jioni hiyo hiyo.

Nina sababu ya Kiujiji. Sisi tumekulia chini ya miembe ya njia ya misafara. Mgeni akija tunampeleka kwenye jiwe la kumbukumbu, tunamwambia hapa ndipo Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871, mwembe wenyewe ulishakufa, huu unaouona ni kipandikizi chake. Tunajua njia ilipoanzia, lakini wengi wetu hatujawahi kuona ilikoishia. Pembe na watu waliotoka Ujiji walipita Tabora, wakafika Bagamoyo, wakapakiwa majahazini. Bagamoyo ilikuwa gati tu. Hesabu za mali zilifungwa Unguja, mbele ya ukuta ninaotaka ukauone.

Anza na tiketi ya kurudi

Watu hukata ya kwenda, wakasema ya kurudi watajua mbele ya safari. Hapo ndipo siku moja inapogeuka mbili.

Yalinikuta mwenyewe. Mara yangu ya kwanza nilikwenda Jumamosi, nikakata ya kwenda tu. Saa nane mchana nikafika dirishani Unguja, nikaambiwa boti ya jioni imejaa, njoo kesho. Nikalala kwenye gesti ya Malindi yenye feni inayolia kama mashine ya kusaga, na asubuhi iliyofuata treni yangu ilikuwa inaondoka Dar bila mimi. Siwalaumu wa dirishani. Ilikuwa wikiendi, na mimi ndiye niliyedhani kiti kinanisubiri.

Kwa hiyo kata zote mbili kwa pamoja, siku moja kabla au zaidi. Boti ya kwanza kutoka Dar huondoka saa moja asubuhi, na ya mwisho kutoka Unguja huwa kwenye saa kumi jioni. Ratiba hubadilika kwa msimu na sikukuu, basi ihakiki unapolipa. Hizo ndizo mbili unazozitaka. Ukichukua ya kwenda ya saa tatu na nusu utafika karibu na adhuhuri, na utaitembelea Ngome huku unaangalia saa.

Bandari ya boti iko katikati ya mji, ng'ambo ya barabara kutoka Kanisa la Mtakatifu Yosefu. Ukishuka stesheni si mbali. Kwa miguu unafika. Kabla hujafika dirishani utapokelewa na vijana wakarimu mno. Mmoja atakubebea begi, wa pili atakuita mjomba, wa tatu atakwambia ofisi imefungwa leo ila yeye anayo tiketi. Usibishane nao wala usiwatukane. Nyamaza, tembea, ingia ofisini, lipa dirishani, dai risiti yenye jina lako. Raia hulipa kwa shilingi na nauli yake ni nafuu kuliko ya mgeni wa nje, ilimradi uonyeshe kuwa ni raia.

Kitambulisho

Hapa naongea na ndugu zangu hasa. Mtu wa Kigoma ambaye hajawahi kuulizwa babu yake kazikwa wapi bado ni mtoto. Tumezoea kudhaniwa wa ng'ambo ya mpaka. Kwa hiyo usiende bandarini na maneno, nenda na karatasi: kitambulisho cha taifa, cha mpiga kura, leseni au pasipoti. Jina lililo kwenye tiketi lifanane na la kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi. Kama nyumbani unaitwa Mwamvua na kitambulisho kinasema Mwanvua, mwandikie karani hilo la kitambulisho. Mtoto mchukulie cheti cha kuzaliwa. Ukiwa na hayo unapita kama maji. Sijawahi kuulizwa swali la pili.

Alfajiri ya safari

Uwe bandarini saa kumi na mbili kamili. Mizigo inapita kwenye mashine, foleni ni ndefu, na boti haina tabia ya daladala ya kusubiri abiria anayekimbia.

Kula kidogo. Andazi moja na chai ya tangawizi vinatosha. Usijidanganye kwamba kwa kuwa umezoea mitumbwi ya injini ya Kibirizi kule Ziwa Tanganyika, bahari haitakuchezea. Shangazi yangu amepanda meli ya Liemba hadi Kasanga bila hata kukunja uso. Nilipompeleka Unguja ilikuwa mwezi wa saba, kusi limekaza, naye asubuhi alikuwa amekula chapati mbili na maharage. Nusu saa tu baada ya kuacha lango la bandari akaacha kuongea. Mtu akimjua shangazi angejua hapo kuna jambo. Akanishika mkono akasema, "Mwanangu, ziwa letu linapiga. Hili linabeba." Sijasikia mtu aliyeeleza tofauti ya ziwa na bahari vizuri kuliko hivyo. Wimbi la ziwani ni fupi na kali, la baharini ni refu, linakuinua polepole na kukushusha polepole mpaka tumbo linapoteza mwelekeo.

Dawa yake: kaa sitaha ya chini, katikati au nyuma ya boti, uangalie upeo wa macho, usiangalie simu. Anayejijua ana tumbo jepesi anunue vidonge vya kichefuchefu duka la dawa usiku uliotangulia, avimeze kabla ya kupanda. Kuvimeza katikati ya mawimbi ni kuvitupa. Kusi huvuma takriban kuanzia mwezi wa nne hadi wa tisa. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, mara nyingi huwa na maji matulivu zaidi. Safari yenyewe ni karibu saa mbili.

Kutoka bandari ya Malindi

Ukitoka getini utapokelewa tena. Kule wanaitwa mapapasi. Mwambie "ahsante, nina mwenyeji" na uendelee. Huhitaji teksi wala mtu wa kukuongoza mpaka Ngomeni. Shika barabara ya Mizingani, bahari iwe mkono wako wa kulia, nenda moja kwa moja. Ni dakika kumi na tano za mguu wa kawaida, na ukichelewa basi umechelewa kwa kuangalia, nayo ni halali.

La kwanza kukusimamisha ni jengo la kijani na jeupe lenye baraza za mbao zilizonakshiwa kama lesi. Ni dispensari ya zamani, ilianza kujengwa mwaka 1887 kwa fedha za Tharia Topan. Mtu wa Ujiji alikumbuke jina hilo. Topan ndiye tajiri aliyemkopesha Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, mali ya kufungia misafara: shanga, vitambaa, bunduki. Msafara uliporudi na pembe, deni lililipwa huku. Fedha iliyozunguka Ujiji, Tabora na Manyema ya ng'ambo ya ziwa unaiona pale imegeuka baraza za nakshi.

Mbele kidogo kuna mtini mkubwa, kisha jumba la kifalme, kisha Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultan Barghash mwaka 1883. Sehemu yake iliporomoka Desemba 25, 2020, kwa hiyo usitegemee kuingia. Litazame kwa nje upite. Ukuta wa rangi ya mchanga uliochakaa unaofuata, wenye meno meno juu, ndio wenyewe.

Ndani ya Ngome

Mimi mara zote nimeingia bure. Usiku wa tamasha ndipo tiketi hukatwa mlangoni, lakini wewe usiku huo utakuwa umeshalala Dar.

Usikimbilie ndani. Kwanza simama nje, weka kiganja ukutani. Pale ambapo lipu imebanduka utaona jiwe lenye vitundu na mistari kama ya ua. Hilo ni tumbawe, lilikuwa kiumbe hai baharini kabla halijakatwa, na lililolishikamanisha ni chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayo hayo. Sisi kwetu tulijenga kwa udongo, na nyumba ya udongo isipokandikwa kila mwaka inarudi ardhini. Shangazi aliupapasa ukuta ule kwa muda mrefu, kisha akanusa vidole vyake. "Chumvi," akasema.

Historia ya mahali hapo ni kama ya nyumba iliyobadilisha wapangaji, kila mmoja akaacha kitu. Kwanza walikuwa Wareno, waliojenga kanisa kati ya mwaka 1598 na 1612. Waarabu wa Oman walipowafukuza mwishoni mwa karne hiyo ya 17, mara baada ya kuitwaa Ngome ya Yesu kule Mombasa mwaka 1698, waliona pale palipokuwa na kanisa panafaa kuwa na ngome. Ndani ya ua bado kuna mabaki ya ukuta wa Kireno, uliza, utaonyeshwa.

Kuna neno ambalo limebaki na sisi sote. Wareno kanisa waliliita "igreja". Midomo ya pwani ikalifanya gereza, na kwa kuwa ngome za pwani zilitumika kuwafungia watu, neno likahama na mlango. Katika karne ya 19 Ngome hii ilikuwa jela, na wahalifu waliohukumiwa kifo waliuawa nje ya ukuta wake wa mashariki. Kwa hiyo ukisema fulani yuko gerezani, umesema yuko kanisani kwa Kireno kibovu. Na mtaa wa Gerezani, pale Dar karibu na stesheni, ni mtoto wa neno hilo hilo. Mwenzangu mmoja kutoka Mwanga nilipomweleza hayo alicheka, akasema basi amepita gerezani maisha yake yote akitafuta nauli ya kurudi Kigoma.

Baada ya jela palikuja reli. Mwanzoni mwa karne ya 20 Ngome ilitumika kama bohari wakati wa kujenga reli ndogo ya kwenda Bububu, ambayo ilishakuwa inapiga honi miaka kadhaa kabla reli ya Mjerumani haijagusa Kigoma mwaka 1914. Mwaka 1949 ua ukawa uwanja wa tenisi wa klabu ya wanawake. Baada ya Mapinduzi ya 1964 pakapooza. Leo kuna ukumbi wa wazi wa ngazi za duara, maduka ya vinyago na picha za tingatinga, na sehemu ya kunywa kahawa. Tamasha la filamu la nchi za jahazi na lile la muziki la Sauti za Busara hufanyika humu.

Nitasema ukweli: mtu akitegemea mizinga, mashimo ya siri na maelezo ukutani, atatoka analalamika. Maelezo ni machache. Ngome hii inamlipa anayekuja na habari zake kichwani. Kaa ngazi ya juu ya ukumbi, upande wenye kivuli, uitazame minara ya duara kwenye pembe. Kisha fikiria kwamba aliyejenga kuta hizi hakuwa akimwogopa mtu wa bara. Kuta zilitazama bahari, kwa Mreno, na baadaye kwa Wamazrui wa Mombasa walioshambulia mwaka 1754. Bara ilikuja baadaye kama bidhaa. Saa nzima inatosha, saa moja na nusu kama una mtoto anayependa kupanda ngazi.

Muuza vinyago mmoja mzee alitusikia tukiongea akauliza, "Nyinyi mumetoka wapi, lafudhi hii siijui."

"Ujiji, baba," shangazi akajibu, akamwamkia.

"Marahaba. Ujiji ya Kigoma?" Akaweka kitambaa chake chini. "Babu yangu mzaa mama alikuwa Mmanyema. Alikuja huku mdogo. Hakusema alikujaje."

Hakuna aliyeuliza zaidi. Shangazi akanunua kijiko cha mbao ambacho hakuwa na haja nacho, wala hakuomba kupunguziwa, na mimi namjua shangazi.

Saa nne zilizobaki

Hapa chagua kimoja au viwili, usitake vyote.

Chaguo langu la kwanza ni Mkunazini, robo saa kwa miguu kupitia vichochoro. Ukipotea, na utapotea, uliza dukani, si kwa kijana anayekufuata. Hapo ndipo palipokuwa soko la watumwa mpaka lilipofungwa Juni 1873, na Waanglikana wakaanza kujenga kanisa lao juu yake mwaka huo huo. Kuna kiingilio, raia ana bei yake, toa kitambulisho. Utaonyeshwa vyumba vya chini ambamo mtu mzima hawezi kusimama wima, na nje kuna sanamu za watu ndani ya shimo, minyororo shingoni. Usipige picha ya kucheka pale.

Ndani ya kanisa tafuta msalaba mdogo wa mbao. Mbao yake ni ya mti wa kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo, ambako Livingstone alifariki Mei 1, 1873 na moyo wake ukazikwa chini ya mti huo. Watumishi wake Susi na Chuma na wenzao waliubeba mwili wake kwa miguu hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Sisi tunalinda mwembe wake Ujiji na wao wanalinda mti wake Unguja. Mtoto wa shule akisimamishwa mbele ya msalaba ule baada ya kuuona mwembe, somo la historia halimtoki tena.

La pili ni nyumba ya Tippu Tip, mtaa wa Shangani, dakika chache kutoka Ngomeni. Jina lake halisi ni Hamed bin Muhammad el-Murjebi, naye alifia Unguja mwaka 1905. Tabora ilikuwa kama nyumbani kwake. Baba yake alikaa huko na kumwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira. Nyumba wanaishi watu, si makumbusho. Angalia mlango wa nakshi, salimia waliokaa barazani, ondoka.

Chakula: wengi watakwambia usikose Forodhani. Wanasahau kukwambia kwamba Forodhani ya pweza na mishikaki huwaka jioni, wewe ukiwa baharini. Mchana tafuta urojo kule Darajani au Mkunazini, bakuli moja lenye bajia, viazi, kachori na ukwaju; bei yake haiumi. Ukiwa umekwenda Ramadhani, usile wala kunywa barabarani mchana, na ujue migahawa mingi imefungwa. Ijumaa baada ya saa sita maduka mengi hufungwa kwa ajili ya sala, kwa hiyo manunuzi yafanye kabla. Mavazi ni yale yale ya kwetu Ujiji, mabega na magoti yafunikwe. Sidhani kama nahitaji kumfundisha mtu wetu hilo.

Kurudi

Saa nane na nusu acha ulichokuwa unafanya. Saa tisa uwe umefika Malindi.

Zawadi beba nyepesi: karafuu, iliki, mdalasini, kanga. Bei ya viungo Darajani huanza juu, ishushe kwa ucheshi, si kwa ukali. Televisheni na majiko ya umeme yaache yalipo, kwa sababu mizigo itokayo Unguja hukaguliwa Dar, na utakachokiokoa kwenye bei unaweza kukilipa kwenye meza ya ushuru.

Na kama wewe ni wa kupeleka zawadi, mawese hayo ya kwetu yafunge kwenye dumu lenye mfuniko wa kuzunguka, ulitie ndani ya mfuko wa sandarusi, kisha ndani ya ndoo. Shangazi alilifunga dumu lake kwa kipande cha nailoni na mpira, akilipeleka kwa rafiki yake aliyehamia Kikwajuni. Lilipofika Malindi lilikuwa nusu, na nusu nyingine ilikuwa kwenye begi langu, pamoja na shati nililokusudia kupigia picha Ngomeni. Rafiki yake aliipokea nusu ile kwa mikono miwili, akafungua, akanusa, akaanza kulia. Shati sijaliosha likatakata mpaka leo.